Mwaliko wa hekaluni kijijini Kutch: ya kufanya na ya kuacha

*Swali: Mwalimu, shikamoo. Mume wangu amefanya kazi miaka mingi na familia moja ya Kihindu hapa Tanga, asili yao Kutch, Gujarat. Sasa mavyaa wangu anakwenda Ahmedabad kutibiwa goti, na familia hiyo imeshikilia tusirudi nyumbani bila kufika kijijini kwao karibu na Bhuj. Wanataka watupeleke kwenye hekalu la kijiji, kisha kwenye hekalu la "mama wa ukoo" wao. Tutakuwa mimi, mume wangu, mavyaa na watoto wawili, wa miaka 12 na 5. Sisi ni Waislamu. Hatutaki kuwavunjia heshima wenyeji, wala hatutaki kuvuka mipaka ya dini yetu. Tufanyeje?*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza uelewe mmealikwa wapi hasa. Hekalu la kijiji ni la kila mtu: watu hupita asubuhi wakienda shambani, wazee hukaa barazani jioni. La "mama wa ukoo" ni jambo jingine. Koo za Kihindu za Gujarat huwa na kuldevi, mungu wa kike anayeaminiwa kuulinda ukoo tangu enzi za mababu. Kwake ndiko maharusi hupelekwa baada ya ndoa, na kwake ndiko watoto wengi hunyolewa nywele za kwanza. Mtu amezaliwa Tanga, amesoma Uingereza, ana maduka Dar es Salaam, na bado atavuka bahari akasimame mbele ya kuldevi na mtoto mchanga mkononi. Wakikupelekeni huko wanakutambulisheni kwa mkubwa wa nyumba. Habari ya kubadilishwa dini iondoe moyoni kabisa. Kuldevi hurithiwa kwa kuzaliwa au kwa kuolewa katika ukoo, wageni hawagawiwi.

Neno "mkubwa wa nyumba" sikulitumia kwa kupamba. Kwa imani yao, sanamu ikishafanyiwa ibada ya kutiwa uhai haihesabiwi tena kuwa jiwe au marumaru. Huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvishwa, hulishwa, hupumzishwa mchana na kulazwa usiku. Na waumini wakienda hekaluni husema wanakwenda kupata darshani, yaani kumwona mungu na kuonwa naye. Ukilishika hilo, adabu karibu zote zinajieleza zenyewe. Humwendei mzee hujaoga. Humnyooshei miguu. Humpigi picha bila ruhusa. Humgongei mlango saa ya chakula chake.

Basi tuanze na saa. Mahekalu mengi ya Gujarat hufunga mlango wa ndani kuanzia kama saa sita mchana hadi saa kumi alasiri, kwa sababu mungu amekula na amelala. Familia ikifika saa saba na watoto wenye njaa itaona pazia tu. Arati, ibada ya kuzungusha taa za samli huku kengele na ngoma zikilia, ya jioni hufanywa jua likizama, na wenyeji watapenda mwione hiyo kwa sababu ndiyo inayopendeza zaidi. Lakini jua likizama ndiyo magharibi yenu! Nimeona familia zikihangaika hapo, mwenyeji anavuta mkono kuelekea hekaluni na mgeni anatafuta kibla. Ombeni kwenda asubuhi, saa mbili au saa tatu. Watu ni wachache, sakafu bado ina ubaridi, na sala haimgongi mtu. Epukeni pia siku ya mwezi mpevu na zile siku tisa za Navratri, sikukuu ya mungu wa kike, ambazo mara nyingi huangukia Septemba au Oktoba, labda kama mnapenda msongamano. Ikiwa kuldevi wao ni Ashapura Mata, hekalu lake kuu liko Mata no Madh, mwendo wa karibu kilomita 100 magharibi ya Bhuj, na wakati wa Navratri ya Oktoba barabara hiyo hujaa mahujaji wanaotembea kwa miguu mchana na usiku. Kandokando watu hufunga mahema ya kuwagawia maji na chakula, hata kuwakanda miguu. Ni jambo zuri kulitazama, ila si kwa gari lililombeba mgonjwa wa goti.

Mahekalu hayo mawili pia hayatafanana. Vijiji vingi vinavyozunguka Bhuj ni vya wafuasi wa Swaminarayan, mojawapo ya madhehebu ya Kihindu, na huko wanaume na wanawake hawachanganyiki. Mara nyingi wanawake wana hekalu lao kabisa, jengo la pembeni, au wana upande wao ndani ya ukumbi. Watawa wa kiume wa madhehebu hayo, wale wa nguo za rangi ya chungwa, hawasemi na wanawake wala hawawagusi. Mmoja akikugeuzia uso, mwanangu, hajakutusi. Anatimiza nadhiri yake. Wewe ambaye umezoea pazia la msikitini hutaona ajabu. Mume wako na mtoto wa kiume watachukuliwa upande mmoja, wewe na mavyaa mwingine, kwa hiyo pangeni mapema nani anakaa na mdogo.

Kwa mungu wa kike mambo huwa na moto zaidi. Utaona rangi nyekundu, mikuki ya ncha tatu, nazi zinapasuliwa, shanga na bangili zimetundikwa. Pengine atakuwepo bhuvo, mtu ambaye mungu humpanda kichwani akatetemeka na kusema kwa sauti isiyo yake, kama mteja wa ngoma ya pepo huku kwetu pwani. Yule wa miaka mitano mwambieni mapema kwamba anaweza kuona hivyo, na akiogopa atolewe nje bila aibu.

Kama mtaruhusiwa kuingia: India haina sheria moja. Hekalu la Jagannath kule Puri halikubali asiye Mhindu. Indira Gandhi mwenyewe, akiwa waziri mkuu, alizuiwa mwaka 1984 kwa kuwa aliolewa na Mparsi, mtu wa dini nyingine. Hekalu la Guruvayur kule Kerala nalo hivyo hivyo. Mahekalu ya vijijini Kutch kwa kawaida ni wazi kwa mgeni aliyeletwa na wenyeji. Hata hivyo kile chumba kidogo cha ndani anamokaa mungu ni cha kuhani peke yake. Wenyeji wako wenyewe hawaingii, sembuse ninyi.

Mavazi hayatakupa shida. Wanawake wa Kutch wenyewe hujitanda ushungi mbele ya wazee na hekaluni, na mtandio wako utaonekana ni adabu. Ningekushauri tu uache baibui jeusi siku hiyo uvae dera au gauni refu la rangi, kwa kuwa wazee wengi wa Kihindu huiona nyeusi kuwa ni rangi ya mkosi penye heri. Mume avae suruali ndefu au kanzu. Viatu huachwa nje, ndala ndizo rahisi. Soksi mara nyingi huruhusiwa, na katika miezi ya Aprili na Mei, joto linapopita nyuzi 40, marumaru ya uani huunguza nyayo kwelikweli. Mikanda na pochi za ngozi ziacheni garini. Si kila hekalu linauliza, lakini ngozi ni mnyama aliyekufa, na ni rahisi kuiacha kuliko kusimamishwa mlangoni.

Kuna jambo ambalo wanawake huniuliza kwa sauti ya chini. Katika familia nyingi mwanamke aliye katika siku zake haingii hekaluni. India yenyewe imebishana sana juu ya hilo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wanawake wa umri wa kupata hedhi wasizuiwe kuingia hekalu la Sabarimala, kusini, na mzozo ukawaka nchi nzima. Nyumbani kwa mtu si mahali pa kuumaliza mzozo huo. Ikitokea, mwambie mama mwenye nyumba kimya kimya. Atakuwekea kiti uani na hakuna atakayeuliza.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali lako: mpaka uko wapi kati ya kutazama na kushiriki. Mimi si sheikhe, na hukumu ya kila jambo mkamuulize wenu kabla ya safari. Ninachoweza kukueleza ni nini kitatokea mbele yenu, hatua kwa hatua, na upi mlango wa kutokea katika kila hatua.

Mtavuka kizingiti. Kirukeni, msikikanyage. Juu yenu kutakuwa na kengele, na waumini huigonga kumjulisha mungu kwamba wamefika. Ninyi piteni tu. Mwenyeji atasimama mbele ya mungu, ataunganisha viganja, ataomba, pengine atalala kifudifudi. Ninyi simameni nyuma kidogo, ubavuni, mikono mbele kwa utulivu. Hakuna anayemtazamia mgeni asujudu, na mgeni aliyesimama kwa adabu hamkeri mtu. Kinachokera ni mgeni anayepiga soga, anayempa mungu mgongo ili ajipige selfi, au anayesimama katikati akawaziba wengine waliokuja kuona. Kisha mwenyeji atazunguka hekalu, kuume kwake kukiwa upande wa mungu. Mzunguko huo ni ibada. Mnaweza kumngoja, au mkitaka kutazama michongo tembeeni upande uleule aelekeao, msikutane na watu uso kwa uso. Kwenye hekalu la Shiva, mmoja wa miungu wao wakuu anayeabudiwa kwa umbo la jiwe, mtaona waumini hawamalizi duara; wakifika kwenye mfereji wa maji ya kuogeshea jiwe hugeuka, kwa kuwa mfereji huo hauvukwi. Nanyi msiuvuke.

Baada ya arati kuhani hupitisha sinia yenye taa. Waumini hupitisha viganja juu ya mwale, huvigusisha usoni na kuweka sarafu. Ikikufikia, weka mkono wa kulia kifuani, inamisha kichwa kidogo, rudi nyuma nusu hatua. Kuhani ataendelea kwa jirani yako bila hata kusita. Wahindu nao huiacha sinia ipite. Alama nyekundu ya paji la uso, na uzi mwekundu wa kufungwa mkononi, unavikataa kwa ishara hiyohiyo. Watoto wafundisheni ishara hii nyumbani mpaka waizoee, kwa sababu kuhani wa kijijini akiona mtoto huwa hana subira, kidole cha poda kiko pajini kabla mama hajafumbua mdomo. Ikitokea, tabasamu. Inafutika kwa maji mkishafika nyumbani. Kumfuta mtoto paji papo hapo mbele ya kuhani ndiko kutakakokumbukwa kijijini.

Kisha kuna prasadi, na hapa ndipo mguu huteleza. Prasadi ni chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu na sasa kinarudi kwa watu: vipande vya nazi, mawe ya sukari, lozi, ladu, ndizi. Hutolewa kwa kila aliyepo bila kuangalia ni nani, na kwao kukataa prasadi ni kuzito kuliko kukataa alama ya pajini. Waislamu wengi hawali kilichotolewa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Hapa kuna njia mbili, na mimi naipendelea ya kwanza: semeni mapema, mkiwa bado nyumbani, kwamba mtaingia na kutazama kwa furaha ila hamtakula prasadi. Watu wa Kutch wana miiko yao mizito ya chakula. Mfuasi wa Swaminarayan hali hata kitunguu wala thomu, kwa hiyo akisikia "dini yetu haituruhusu" anaelewa mara moja na anaweza hata kukuheshimu zaidi. Njia ya pili ni kupokea kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiushika ule wa kulia kwa chini, kisha mkampa mtoto wa mwenyeji. Mkipokea, isianguke sakafuni, isitupwe pipani, isiachwe juu ya kiti. Yakija maji katika kijiko, ni maji au mchanganyiko wa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari uliotumika kumwogesha mungu. Haya kwa mavyaa yako ningesema hapana hata kama angekuwa Mhindu. Mgonjwa anayengoja upasuaji hana haja ya kuharisha.

Chakula cha nyumbani kwa mwenyeji kwa kawaida ni jambo jingine, ila familia nyingi za Swaminarayan humtolea mungu wa nyumbani chakula kabla ya kula, kwa hiyo muulizeni. Hicho ni mboga, dengu, mtindi na mikate ya mtama, hakina nyama wala pombe, na kama hakikutolewa kwa mungu kuleni mshibe. Kuna siku, kama ile inayofuata Diwali, ambapo vyakula chungu nzima hupangwa mbele ya mungu kisha hugawiwa kijiji kizima. Siku hizo muulize kabla ya kula.

Nikuonye jambo ambalo wageni kutoka kwetu hulisahau. Vijiji hivi vimejaa watu waliokaa Nairobi, Mombasa na Kampala, na wengine kwenu hapo Tanga. Madhapar, Baladia, Sukhpar: nyumba kubwa kubwa, wenyewe wako ng'ambo, na bibi kizee amekaa mlangoni ambaye Kiswahili chake cha Nairobi ya zamani bado kimekaa sawasawa. Kwa hiyo msinong'onezane hekaluni mkidhani hamsikiki. "Angalia sanamu lile lilivyotoa ulimi" litamfika bibi huyo moja kwa moja. Vilevile akikukaribisha kwa Kiswahili, mpe shikamoo yake. Mtashangaa itakavyomfungua kinywa. Kwa wengine, *kem chho*, yaani "hujambo" kwa Kigujarati, na viganja vilivyounganishwa vinatosha. Mwanamume mzima mwite kwa jina lake na *bhai*, mwanamke na *ben*, bibi wa nyumba mwite *Ba*.

Uhusiano wenyewe ni wa zamani. Katika karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa miaka mingi na masultani kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, watu wa Mundra, bandari ya Kutch. Majahazi ya Mandvi yalikuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Fedha za Afrika Mashariki zimo ndani ya kuta za mahekalu haya: tazameni vibao vya marumaru vya wachangiaji, mara nyingi mtakuta majina ya miji yetu. Mwanao wa miaka 12 mpeni kazi hiyo, aombe mtu wa kumsomea maandishi ya Kigujarati, atafute kama Tanga imo. Ni bora kuliko kumwambia "tulia" kila dakika. Na msishangae mkiambiwa hekalu ni la kale sana na mkaona marumaru inang'aa kama ya jana. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko kubwa la ardhi liliiangusha Kutch, watu kwa maelfu walikufa, na mengi mnayoyaona yamejengwa upya. Hata hekalu la Swaminarayan la Bhuj, la miaka ya 1820, liliharibika na jipya likafunguliwa mwaka 2010. Wazee wa kijijini karibu wote walipoteza mtu siku hiyo. Wakianza kusimulia, wasikilizeni.

Sasa mavyaa. Kutoka Ahmedabad hadi Bhuj ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, siku nzima ukihesabu mapumziko. Kama atafanyiwa upasuaji, safari hii iwe kabla, au baada ya daktari mpasuaji kuruhusu kwa kinywa chake. Kukaa garini saa nyingi mara tu baada ya upasuaji wa goti kunaweza kugandisha damu mguuni. Hekaluni watu hukaa chini, lakini wazee huletewa viti vya plastiki bila kuombwa. Akae ukutani asione haya. Mahekalu ya miungu wa kike hupenda vilima, na ngazi zake ni nyingi. Akishindwa kupanda, wenyeji hawatasema amekosa: kwao kukiona kilele cha hekalu na bendera yake kwa mbali kunahesabiwa kuwa ni darshani. Kwenu ninyi maana yake ni kwamba bibi abaki chini na chai yake, na mtu mmoja abaki naye.

Pesa na zawadi nitazipitia haraka. Si lazima kutoa kitu hekaluni. Mkitaka kuchangia chakula cha wasafiri au ukarabati, muulizeni mwenyeji sanduku ni lipi. Kwa mila yao kiasi huishia na moja: rupia 51, 101, 501. Anayewaita pembeni awafanyie dua maalumu kwa bei, mkataeni. Zawadi za nyumbani: korosho zilizokaangwa na kufungwa vizuri, majani ya chai, kahawa. Msibebe pochi za ngozi, wala peremende zenye jelatini, wala chochote cha nyama. Nyama ya ng'ombe hata kavu, hata kwa chakula chenu cha njiani, isiingie Gujarat: sheria yao ya kulinda ng'ombe ilikazwa mwaka 2017 hadi kifungo cha maisha kwa anayechinja, na kuibeba nako ni kosa.

Pa kusali hamtakosa. Kutch ina Waislamu wengi, wafugaji wa nyanda za Banni na wavuvi wa pwani. Kaskazini kuna ziara ya Haji Pir, na Wahindu nao huiendea. Familia iliyokulia hapo imezoea jirani anayefunga Ramadhani. Ombeni chumba na maji, mtapewa.

Msingoje kufika ndipo mseme. Mume wako ampigie simu mzee wa familia hapo Tanga wiki hii, au bora aende barazani kwake, aseme hivi: "Tutafurahi kufika kwenu na kuingia hekaluni pamoja nanyi. Sisi hatusujudu, hatupaki alama, na hatuli kilichotolewa kwa mungu. Tuelekezeni pa kusimama, na kama mnaweza, twende asubuhi." Kisha aulize hekalu la kuldevi lina ngazi ngapi.